Nyali kwa Minazi ya Mwanasha

Mlango wa jikoni ulifunguka, na sauti ya mwanamke ikasema, "Kaka Alfani! Ni wewe kweli?"

Hapo ndipo nilipowakatia wiki jana, na najua mlinilaani. Msomaji mmoja wa Waa ameniandikia anataka nimwangushie Alfani nazi ya utosi papo hapo, hadithi iishe, kila mtu aende zake. Bwana wee, subiri! Mimi bado namhitaji.

Na wewe uliyekosa gazeti, mambo ni haya. Alfani, karani wa ofisi ya wilaya pale Kwale, amepandishwa cheo na anahamia Mombasa. Uhuru umekuja, Wazungu wanafunga masanduku, nyumba zao zinauzwa. Mkewe Mbeyu ameapa hatalala tena chini ya makuti. Kuna Kizingo, kuna Tudor, kuna Nyali, na Mbeyu anataka Nyali. Nyumba italipiwa na lile shamba la ufukweni Diani ambalo Alfani alilirithi kwa marehemu mjomba wake, Mzee Sefu. Mzungu mmoja wa hoteli analitolea udenda shamba hilo, na Jumamosi wazee watakutana pale pale ili mauzo yaishe.

Sasa wamesimama ndani ya nyumba ya Nyali, Alfani, Mbeyu na dalali wao Abdurahman. Na huyo aliyetokea jikoni na aproni kiunoni ni Mwanasha, binti pekee wa Mzee Sefu.

Alfani alirudi nyuma hatua moja.

Mbeyu alimtazama mwanamke, akamtazama mumewe. "Unamjua?"

"Ndiyo. Huyu ni... huyu..."

"Mimi ni mtoto wa mjomba wake, wifi yangu," Mwanasha akadakia huku akifuta mikono kwenye aproni. Uso wote ulikuwa furaha. "Shikamoo, kaka. Shikamoo, wifi."

"Marahaba," Mbeyu alijibu. Marahaba ya Alfani ilitoka kikohozi.

"Mjomba yupi huyo?" Mbeyu akauliza.

"Mzee Sefu, marehemu."

"Makubwa! Baba Sefu, si uliniambia huyu ameolewa Bodo, mumewe ana duka, na hana shida yoyote?"

Jueni kwamba mtoto wao wa kwanza walimpa jina la mjomba, kama ilivyo desturi. Kwa hiyo kila Mbeyu anapomwita mumewe, anamwita kwa jina la maiti. Zamani Alfani alilipenda jina hilo. Tangu arobaini ya mjomba ipite, likitajwa hushtuka.

"Niliolewa, wifi, kisha nikaachika," Mwanasha alisema. "Nikarudi kwa baba, nikamuuguza mpaka mwisho. Alipofariki, wazee wakasema shamba ni la mpwa, mimi nihame. Nikavuka Likoni, nikatafuta kazi, Mungu akanileta hapa."

"Wazee gani hao wasio na huruma?"

"Ni Mzee Iddi aliyenitamkia, lakini simlaumu, ndiyo mila yetu."

Naam, Mzee Iddi ndiye aliyetamka. Lakini aliyempelekea maneno, akamwambia Mzungu hataki kumkuta mtu shambani, alikuwa Alfani huyu huyu aliyesimama hapa na tai shingoni. Mwanasha hakulijua hilo. Alfani alitazama sakafu ya nyumba ya watu, akaiona ilivyong'arishwa, akajua ni nani aliyeing'arisha.

"Lakini kaka aliumia sana kwa ajili yangu," Mwanasha aliendelea, na sauti ikaanza kulegea. "Siku ya arobaini ya baba, wazee walipouliza habari za minazi, nilimwona ameinamisha kichwa, hawezi hata kusema. Nilijua moyo wake umevunjika."

Lo! Mwanamke mwema ni hatari kuliko polisi! Polisi angemkamata Alfani, wakamalizana. Huyu alimpa pole.

Sasa niwaambie kwa nini Alfani aliinamisha kichwa siku ile, maana nimelificha jambo hili kwa majuma kadhaa na tumbo limenijaa.

Ninyi wa Msambweni na Diani mnajua, wa bara nao wasikie: kwetu ardhi ni kitu kimoja na mnazi ni kitu kingine. Mtu aweza kuwa na shamba, na minazi iliyomo ikawa ya mwenzake, na wote wawili wakaishi kwa amani. Mzee Sefu alijua akifa shamba litakwenda kwa mpwa wake, mtoto wa dada yake. Binti yake asingepata hata kigae. Kwa hiyo, akiwa bado mzima, alimwita Alfani, wakazunguka naye shamba zima, mzee akigusa kila mnazi kwa kiganja.

"Shamba litakuwa lako," mjomba alimwambia. "Minazi yote nimempa Mwanasha leo. Umeona?"

"Nimeona, mjomba."

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi siku yangu ikifika, wewe utasimama useme. Mimi sitakutaja."

Hakumtaja kwa sababu ndivyo tunavyofanya. Shahidi wa kupewa mali haitwi kwa jina. Akiitwa na anayedai, watu husema amenunuliwa. Husubiriwa asimame mwenyewe, kwa imani yake. Mzee Sefu alimwamini mpwa wake mpaka kaburini. Na siku ya arobaini, Mzee Iddi alipouliza ni nani aliyeona, Alfani aliyafikiria maneno ya Mzungu wa hoteli, akayafikiria macho ya Mbeyu kila wanapopita daraja la Nyali, akaviangalia viatu vyake mpaka swali likapita.

Rudini sasa Nyali.

Abdurahman, dalali, alipiga makofi. "Alhamdulillahi! Jambo limejirahisisha lenyewe! Bwana Alfani, wenye nyumba wanasafiri mwezi ujao, na wanaomba mnunuzi ambakize mpishi wao. Wanampenda mno. Nilikuwa natafuta namna ya kuwaambia. Kumbe ni ndugu!"

"Kwa hiyo huyu anabaki na nyumba?" Mbeyu aliuliza.

"Anabaki na nyumba, bibi."

Mbeyu alicheka kwa raha. "Mwanasha, utapika katika nyumba ya kaka yako mwenyewe! Kuna heri gani zaidi ya hiyo?"

Mwanasha alijifunika uso kwa aproni, akalia. "Mungu akuweke, kaka. Usiku kucha nilikuwa nawaza nitaambiwa niende wapi tena."

Hapo ndipo Alfani alipouona mtego wote, mlango wake na kamba yake. Atauza minazi ya Mwanasha anunue nyumba, kisha Mwanasha awe mtumishi ndani ya nyumba hiyo. Kila asubuhi atamletea chai, kila asubuhi atamwambia shikamoo.

"Nyumba hii hatuichukui," akasema.

Abdurahman alifunga mdomo kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Unasemaje?" Mbeyu akauliza.

"Haifai."

"Haifai kitu gani?"

"Iko mbali. Kila siku kulipia daraja, kwenda na kurudi. Hilo daraja lenyewe linaelea, siku likikatika?"

"Limeelea tangu sijazaliwa, leo ndiyo likatike?"

"Na msikiti. Hapa hata adhana husikii."

Mbeyu aliweka mkono kiunoni. "Baba Sefu, kule Kwale msikiti umepakana na ukuta wetu, nawe sala ya alfajiri huamki mpaka nikuvute blanketi. Leo adhana imekushika wapi?"

Abdurahman aligeuka akatazama dirisha, mabega yakimtetemeka kwa kicheko.

"Juzi ulikuwa unaimba Nyali, Nyali," Mbeyu aliendelea. "Ulisema zamani mtu mweusi hapa alipita na kapu la samaki tu, akaambiwa azunguke nyuma, na sasa sisi tutaingilia mbele. Ni wewe uliyesema, au nilikuwa naota?"

"Nilisema, lakini nimefikiri. Twende tukaione ile ya Kizingo."

"Kizingo ulisema hutaki kuisikia!"

"Mama Sefu, twende tukaione tu."

Dalali, ambaye kwake ada ya udalali ilikuwa ni ile ile popote watakaponunua, alisema Kizingo si mbali, gari lipo, wanaweza kuiona kabla ya magharibi. Mbeyu akakubali kwa shingo upande. Aliomba kwanza aone bafu kwa mara ya mwisho, na Abdurahman akamfuata akimsimulia habari za maji moto.

Alfani aliingia jikoni haraka. Aliamua kusema. Wallahi aliamua, msomaji wa Waa, usicheke.

Mwanasha alikuwa anamkunia nazi, amfungie kitu cha kutafuna njiani.

"Mwanasha."

"Labeka, kaka."

"Nataka nikwambie jambo. Habari za minazi."

Mwanasha aliacha kukuna. Alitazama mlango, kisha akasogea karibu. "Hata mimi nilikuwa na neno hilo, niliogopa kukuudhi. Kaka, baba aliniambia kwamba minazi amenipa mbele ya mtu. Kuna mtu aliona. Wewe watu wengi wa kule unawajua. Hujapata kusikia fununu?"

Alfani alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi: ni mimi. Silabi tatu tu!

"Huyo mtu," Mwanasha alisema polepole, "huwa namwombea mabaya. Najua ni dhambi. Nikisali, namwombea baba pepo, nakuombea wewe na watoto wako heri, kisha huyo ninamwombea asipate usingizi mpaka aseme. Nikikosea, kaka, niambie niache."

Alfani alifunga mdomo. Alikuwa na wiki kadhaa hajalala vizuri. Mbeyu alidhani ni joto.

"Usiache," alisema, na hakujua kwa nini alisema hivyo. Alitoka nje akasimama kwenye jua mpaka Abdurahman alipomfikia.

Mbeyu hakutoka mara moja. Alfani alimwona akiwa mlangoni na Mwanasha, wakinong'ona, wakishikana mikono, wakiagana vizuri.

"Mlikuwa mnasema nini?" alimwuliza wakiwa garini.

"Mambo ya wifi na wifi. Tazama mbele, tusije tukamgonga mtu."

Kizingo ilikuwa nzuri, sitakudanganyeni. Nyumba ya ghorofa, veranda pana, upepo wa baharini unaingia ndani bila hodi. Alfani aliisifu mpaka Abdurahman mwenyewe akaona haya.

"Tazama kuta! Tazama dari! Ofisi pale, msikiti pale, mwanao atakwenda shule kwa miguu!"

Mbeyu alizunguka vyumba vyote, akagusa bomba, akachungulia uani. Kisha akamwuliza dalali, "Nyumba hiyo ya kulia anakaa nani?"

"Mkubwa wa bandari."

"Na ya kushoto?"

"Mkubwa wa mume wako, bibi."

"Basi," alisema Mbeyu. "Yaani Baba Sefu akipiga chafya, kazini wamesikia. Nikikaanga dagaa, mke wa mkubwa amejua mshahara umeisha. Hapana. Mimi nataka nyumba nitakamovua viatu."

"Na Tudor?" Alfani alisema, karibu akilia. "Tudor hatujaiona."

"Tudor siendi. Nimechagua. Nyali, na Mwanasha jikoni." Alimgeukia mumewe, na sasa hakuwa akitania tena. "Mume wangu, kuna kitu unanificha?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Nikufiche nini, Mama Sefu?"

Mbeyu alimkung'uta vumbi begani. "Vizuri. Basi nikupe habari njema niliyokuwekea. Wewe si ulikuwa unalalamika kwamba wakili wa Mzungu anamtaka mtoto wa marehemu aje aseme hadai kitu, nawe huna nafasi ya kumfuata Bodo? Nimemwambia Mwanasha. Jumamosi anakuja Diani. Anasema mabwana zake watampa ruhusa."

Mnaona basi? Alfani alikimbia Nyali akakimbilia Kizingo, na mkewe, kwa mapenzi yake yote, alikuwa amekwisha kuibeba Nyali hadi Diani. Alishukuru, akasema amefanya vyema. Usiku ule hakula.

Jumamosi ikafika.

Baada ya sala ya adhuhuri, watu walikaa kwenye ua wa nyumba ya Mzee Sefu, wanaume kwenye mikeka ya upande huu, wanawake upande ule. Ukuta mmoja wa nyumba ulikuwa umeanza kupasuka kwa kukosa wa kuukandika. Mwanasha alipofika alikwenda moja kwa moja akaweka kiganja kwenye ule ufa, kisha akajiunga na wanawake. Alfani aliliona hilo, akatamani asingeliona.

Mzungu wa hoteli alikalia kiti cha kukunja, anajipepea kwa kofia. Wakili wake, mtu wa Mombasa mwenye Kiswahili safi, alisimama. Na kando ya wanawake wote, kwenye kigoda, alikaa Bi Jumwa, mama yake Alfani, dada wa marehemu, ambaye kupitia tumbo lake ndipo shamba lilipomjia mwanawe.

Mzee Iddi alisafisha koo.

"Assalaam alaikum, jamaa. Shamba ni la Alfani, hilo lilikwisha, halirudiwi. Lakini bwana wakili anauliza minazi. Na ana haki kuuliza. Mzungu akinunua ardhi na minazi ina mwenyewe, kesho mtu atakuja na kisu chake aangue nazi katikati ya wageni waliolala uchi!"

Watu wakacheka. Wakili alimfasiria Mzungu, na Mzungu hakucheka.

"Mwanasha binti Sefu, una neno?"

Mwanasha alisimama, akajitanda leso vizuri. "Nina neno, mzee. Baba aliniambia minazi amenipa mimi, na kwamba yuko aliyeona."

"Alimtaja?"

"Hakumtaja, nami sikumuuliza. Ninyi mnajua kwa nini."

Wazee walitikisa vichwa kukubali. Walijua.

"Basi tutaita, kama tulivyoita siku ya arobaini," alisema Mzee Iddi, na akapaza sauti. "Aliyeona, aseme!"

Mzee Iddi akangoja, kisha akaita tena.

"Aliyeona, aseme!"

Kunguru mmoja alilia kwenye paa. Alfani alimtazama Mbeyu. Mbeyu alikuwa amevaa leso mpya, anamtabasamia, anampa moyo.

"Aliyeona, aseme! Kwa haki ya marehemu!"

Alfani alihisi miguu yake ikitaka kusimama yenyewe. Aliikaza. Dakika moja tu, alijiambia, dakika moja na imepita. Kisha nitamtengenezea maisha yote. Nitampa chumba chenye taa ya umeme. Nitampeleka Maka. Nitampa kila kitu, ila hiki.

Hakuna aliyesimama.

Mwanasha alivuta pumzi. "Mzee, sitaki kuwachelewesha watu na kazi zao. Nina neno moja, kisha basi. Duniani nimebakiwa na kaka yangu huyu. Yeye alikuwa karibu na baba kuliko mtu yeyote. Kama kuna mtu aliyeona, yeye angejua. Kaka Alfani, niambie tu: yuko, au hayuko? Ukisema hayuko, nitajua ilikuwa homa, baba alikuwa anaweweseka. Nami naachilia minazi yote, sasa hivi, mbele ya Mungu na watu."

Ua mzima ukamgeukia Alfani.

Jamani! Adui angemsukuma, naye angesukuma. Lakini huyu alimkabidhi kisu na shingo yake pamoja, akasema kaka, chagua wewe.

"Hayuko," alisema Alfani.

Neno lilitoka kirahisi. Hilo ndilo lililomtisha.

"Ahsante, kaka," alisema Mwanasha. Alikaa chini, akajifunika uso.

Wakili aliandika, kisha akainua kidole. "Mzee, kwa upande wetu neno tupu halitoshi. Tungependa kiapo."

Alfani alikuwa amelitarajia hilo. Alikuwa na udhu. Tangu juzi amejipanga: kiapo kimoja cha uongo, na toba ya umri mzima. Alijiinua, akanyoosha mkono kuelekea Msahafu uliokuwa mbele ya Mzee Iddi.

"Keti, mwanangu," alisema mzee.

"Nilidhani naapa."

"Umekaa sana na karatasi za ofisi, umesahau za kwenu. Mrithi hajiapii katika urithi wake. Shamba lilikujia kwa tumbo la mama yako. Ataapa yeye. Bi Jumwa, tafadhali."

Alfani aliketi. Kweli alikuwa amesahau! Alikuwa amefikiria kila kitu, wakili, Mzungu, Mbeyu, Mwanasha, lakini hakumfikiria mama yake.

Bi Jumwa aliinuka kwenye kigoda chake taratibu, mkono mmoja gotini. "Udhu ninao. Adhuhuri nimeisali hapa hapa."

"Bi Jumwa, unajua unachoapia?"

"Najua. Mwanangu amesema hayuko aliyeona."

"Wewe uliona au kusikia chochote?"

"Sikuona, sikusikia. Lakini huyu nimemzaa mimi. Hajawahi kunidanganya, hata akiwa mdogo akivunja chungu alikuja mwenyewe akasema. Lete Msahafu."

"Haya, sema baada yangu. Ikiwa yuko aliyeona akanyamaza..."

"Ikiwa yuko aliyeona akanyamaza..."

"...laana ya Mwenyezi Mungu imshukie yeye..."

"...laana ya Mwenyezi Mungu imshukie yeye..."

"...na inishukie mimi niliyemwapia. Weka mkono, useme."

Bi Jumwa aliinua mkono. Mkono wa kizee, wenye mishipa, uliokuwa bado na unyevu wa maji ya udhu. Alimtazama mwanawe, akamtikisia kichwa kidogo, kana kwamba anamwambia usiogope, mama yuko hapa.

Alfani aliruka. Alikanyaga mguu wa mtu, akapiga kiti cha Mzungu, akamshika mama yake kiganja kikiwa bado hewani.

"Mama, usiape!"

"Niache, mwanangu, unaniumiza."

"Usiape. Nakuomba kwa maziwa uliyoninyonyesha, usiape."

Mbeyu alikuwa amekwisha kusimama. "Baba Sefu! Una nini wewe?"

Wakili alimsogelea Mzungu sikioni. Mzee Iddi aliurudisha Msahafu kifuani pake, polepole. "Alfani, eleza."

Alfani alikuwa akipumua kwa nguvu, mkono wa mama yake umo ndani ya mikono yake yote miwili, na hakuthubutu kuinua macho.

"Yuko," akasema. "Aliyeona yuko. Yuko hapa uani."

Makelele yakazuka. Wengine walisimama, wengine walimwita Mungu. Lakini sauti ya Mwanasha ilipita juu ya zote. Alikuwa amejifunua uso, anacheka na kulia kwa pamoja.

"Si nilisema! Baba hakuwa na homa! Mungu akulipe, kaka yangu, Mungu akulipe! Yuko wapi?"

Na akageuka akaanza kuwatazama wanaume mmoja mmoja, wa kwenye mikeka, wa kwenye ua, hadi Mzungu wa watu na kofia yake, akimtafuta usoni mtu huyo mbaya ambaye yeye alikuwa akimwombea kila siku asipate usingizi. Kila mmoja aliyakabili macho yake, isipokuwa Alfani.